Vazi la Mababu Nililolichora Mwenyewe

Mwanangu, lile vazi ni langu. Nimelikana kwa miaka mingi, mbele ya marafiki, mbele ya wanafunzi, na mara moja mbele ya padri, ingawa hatukuwa kwenye kitubio, kwa hiyo sijui kama inahesabika. Unalijua vazi ninalolisema. Nenda sendofu yoyote kuanzia Sanya Juu hadi Himo. Saa ya binti kuingizwa ukumbini kuagwa ikifika, mshereheshaji atashusha sauti kama anayetangaza msiba, atasema, "Na sasa, bibi harusi anaingia na vazi la mababu zetu wa Kilimanjaro." Binti anaingia. Kitambaa cha kijani cha jani la kahawa, bega la kushoto wazi, mshipi wa rangi ya udongo, na kwenye pindo nyuzi ndefu za maganda makavu ya mgomba zinazofagia sakafu. Vigelegele vinapigwa. Wazee wanafuta macho. Nami, pale kwenye meza ya mashangazi, naitazama sahani yangu.

Mababu hawakulivaa. Mababu hawakuliona. Nililichora mimi, mchana mmoja wa masika, kwenye chumba cha kupanga mjini Moshi, nikiwa katika ule umri wa kujua kila kitu.

Naikumbuka siku ile vizuri kuliko ninavyopenda. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sanaa za maonyesho. Baba aliwaeleza majirani kwamba nimesomea "mambo ya televisheni", nao wakangoja kuniona nikisoma taarifa ya habari. Badala yake nikapata kazi ya kuchora mavazi ya tamthilia moja ya televisheni iliyokuwa ikirekodiwa huku mlimani. Kazi yenyewe ni hii: unasoma hadithi, unamwona mhusika, unamchora akiwa amevaa, unabandika pembeni vipande vya kitambaa, kisha fundi anashona kile ulichokichora na mwigizaji anaingia ndani yake. Fundi anaamini karatasi yako, mwigizaji anamwamini fundi, na mwisho mtazamaji aliyekaa nyumbani kwake anawaamini wote watatu. Hapo penye kuaminiwa ndipo penye hatari, ila wakati ule niliona sifa tu.

Mwongozaji alitaka "vazi la asili la Kichagga" kwa ajili ya bibi harusi wa kwenye hadithi. Nikapanda nyumbani Kibosho kumuuliza mama yangu, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye hata leo hapendi swali lisilo na kazi.

"Mama, zamani mlivaa nini?"

"Tulivaa tulichopata."

"Na kabla yenu?"

"Nao walivaa walichopata. Ngozi ilipokuwepo, ngozi. Shuka ilipokuja, shuka. Una swali lingine?"

Nikalipeleka jibu hilo kwa mwongozaji. Akasema ngozi zitaonekana za kuwauzia watalii, shuka zitaonekana za Wamasai, na "tulichopata" haishoneki. Nikajifungia chumbani nikachora. Kijani nilikiweka kwa sababu ndicho kitambaa kilichokuwa stoo. Bega la kushoto lilibaki wazi kwa sababu kitambaa hicho hakikutosha. Na zile nyuzi za mgomba, mwanangu, zile ambazo leo zinawaliza wazee, niliziweka kwa sababu sikujua kuchora miguu.

Usicheke. Au cheka tu, mimi mwenyewe nacheka. Nyuso nilizimudu, mikono nilikuwa najikongoja nayo, lakini miguu yangu yote ilitoka kama viazi vitamu. Chuoni niliponea kwenye kuwachora wahusika nyuma ya vichaka au ndani ya magari. Bibi harusi hawezi kuingia kwa wakwe akiwa ndani ya kichaka. Basi nikalishusha pindo mpaka chini, nikaongeza nyuzi, miguu ikatoweka, nikamshukuru Mungu. Fundi, kwa uaminifu wake, akashona kila nilichochora.

Tamthilia ikapendwa. Fundi mmoja wa mjini akashonea mteja vazi la namna ile, kisha akashona la kukodisha, kisha wakodishaji wakawa wengi. Mwanzoni nilitembea kifua mbele. Halafu yakaanza maelezo. Mshereheshaji mmoja alitangaza kwamba bega la kushoto liko wazi kwa kuwa ndiko uliko moyo. Mwingine akasema nyuzi zile ni mizizi ya mgomba, kwamba binti anapandwa kwenye kihamba cha mumewe, shamba la ukoo wake mpya. Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Hili lilikuja, likafika, likakaa sebuleni. Siku moja gazeti likaniomba makala kuhusu mavazi yetu ya asili, nami kwa kalamu yangu mwenyewe nikaandika aya nzuri mno kuhusu mizizi ya mgomba. Aliyenikumbuka enzi za tamthilia akiniuliza, "Si wewe uliyelichora lile?" nilimjibu, "Nilichora tu kilichokuwepo." Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu nilikishonea kabisa kwenye pindo.

Ningekaa nacho hivyo mpaka kaburini, kama si Manka.

Manka ni binti wa mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ni marehemu. Anafundisha hesabu sekondari, na anatembea kwa magongo mawili tangu alipopata ajali ya bodaboda akiwa msichana. Anatembea vizuri, kwa mwendo wake, ila ni lazima aone anapoweka gongo na anapoweka mguu. Alipochumbiwa, kaka yetu mkubwa, Aloyce, akasimama mahali pa baba yake. Kaka Aloyce ndiye mwenyekiti wa ukoo. Ni mtu mwema, amenyooka kama nguzo, na kama nguzo, hageuki. Akapanga sendofu yote: mbuzi wa ndafu wa kuchomwa mzima, mbege, ukumbi, na vazi la mababu.

Manka akaenda kulijaribu. Alipiga hatua moja, nyuzi zikajisokota kwenye gongo, akamwangukia mwenye duka. Jumapili yake, baada ya misa, tukiwa tumekaa nyumbani kwa Kaka Aloyce, akaeleza kwa adabu kwamba atashona gauni la kitenge linaloishia chini kidogo ya goti, ili aingie ukumbini akitembea mwenyewe mpaka meza ya wakwe.

"Utavaa vazi la ukoo," alisema Kaka Aloyce. "Kama kutembea ni shida, vijana watakubeba kwenye kiti. Ni heshima hiyo. Machifu walibebwa."

"Baba Mkubwa, mimi si chifu. Mimi naolewa."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nadhani hata yeye aliisikia methali yake ilivyotua. Manka akautazama mguu wake, kisha akamtazama yeye.

"Guu hili lilivunjika nikiwa nasikia, Baba Mkubwa. Mlinituma Himo kufuata mahindi, nikaenda."

Mke wa kaka akaingia jikoni haraka, mkono mdomoni. Kaka Aloyce hakucheka.

"Binti anayekataa vazi la bibi zake," alisema, "mimi sitamshikia mbege. Atafute mwenyekiti mwingine."

Kwa asiye wa huku nieleze. Mzee wa ukoo asiposhika kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, akanywa, akampa binti na kumwombea mbele ya wakwe, hakuna aliyeagwa. Ni watu tu wamekula pilau. Manka alikuwa hana baba wa kumshikia kata hiyo. Alikuwa na Kaka Aloyce peke yake. Kwa hiyo alikuwa anaambiwa achague: abebwe kama gunia mbele ya watu ambao angeishi nao maisha yake yote, au aondoke nyumbani bila baraka.

Akanigeukia mimi. "Shangazi, wewe ndiye msomi wa mambo haya. Zamani binti mwenye mguu kama wangu walimvalishaje?"

Kila mtu akanitazama. Nami, mwenye shahada, mwenye makala, nikakohoa nikasema, "Kwa kweli, hilo ni suala lenye mjadala."

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia wakati neno hilo linatoka mdomoni.

Nikashuka kwa mama. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori, nikamsimulia. Alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Ukamwambia mtoto nini?"

"Kwamba kuna mjadala."

"Mjadala." Akaitia ndizi kwenye maji. "Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu kazaliwa hapo juu. Sijaona mtu wa mlimani anayejifunga takataka za mgomba miguuni, akapanda nazo kilima, akafika."

Nikabaki nimesimama. "Kumbe unajua? Miaka yote hii?"

"Nilitazama ile tamthilia yako, nina macho."

"Mbona hukusema?"

"Lilikuwa nguo tu. Watoto wa watu wanapendeza, kwa nini nikuharibie? Sasa limekuwa kamba, na kamba ukiisuka mwenyewe usingoje mwingine aje kuifungua." Akaninyooshea kisu, kwa upande wa mpini, lakini kisu. "Na usije kuniambia kwamba hukumfunga wewe. Mtu akianguka kwenye shimo ulilolichimba kwa ajili ya maua, ameanguka kwenye shimo lako."

Mwanangu, kukemewa na mama ukiwa na mvi ni dawa chungu, maana huwezi hata kukimbilia nje.

Kesho yake nikautoa ule mchoro wa ujana. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, kipande cha kitambaa cha kijani kingali kimebandikwa pembeni. Nikaupeleka kwa Kaka Aloyce.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja kumtetea."

"Nimekuja kukwambia lile vazi nililichora mimi. Si la mababu. Mchoro wenyewe ni huu."

Akavaa miwani. Akautazama mbele, akaugeuza nyuma, akaurudisha mbele.

"Umechora vizuri," alisema. "Linafanana kabisa na lile la bibi."

"Bibi yupi?"

"Bibi yetu, mzaa baba. Nilimwona nalo kwa macho yangu, harusi ya Baba Mdogo."

"Kaka, bibi yetu ni mmoja mimi na wewe. Siku ile alivaa koti la mvua."

"Ulikuwa mdogo."

"Nililishika lile koti! Nilikuwa nimejificha chini yake!"

"Ulikuwa mdogo, na ulikuwa unalia," alisema Kaka Aloyce kwa upole wa kutisha. "Mtoto anayelia anaona nini?"

Nilirudi mjini nimeloa jasho. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, kwa kicheko chake, hata kwa kufukuzwa. Sikujiandaa kutoaminiwa. Ukweli ukichelewa, mwanangu, unakuta kiti chake kimekaliwa, na aliyekikalia amejinyoosha vizuri anakunywa chai.

Ningeweza kuishia hapo, nikajipongeza kwamba nimesema. Wasomi wengi tunaishia hapo. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kama kaka yangu aliliamini vazi lile kwa kuwa aliliona, basi ilikuwa lazima aone lingine. Nikanunua karatasi na penseli, nikaenda kwa Manka, nikamwambia atembee.

"Nitembee wapi, Shangazi?"

"Popote. Kutoka kitandani mpaka dirishani. Nataka kuichora miguu yako."

Nilichora mchana mzima, nikachana, nikachora tena. Manka, mwalimu wa hesabu, hana huruma na makosa.

"Shangazi, huo ni mguu au muhogo?"

"Nyamaza, natengeneza mila."

"Tengeneza kidole kwanza."

Siku zikapita hivyo, yeye akitoka shuleni, mimi nikimngoja na penseli. Taratibu nikaanza kuona nilichokuwa nimekikwepa ujana wangu wote. Gongo la kulia linapokwenda mbele, linalipeleka pindo kushoto. Kwapani nguo inasagika, kwa hiyo panahitaji kitambaa mara mbili. Bega linapanda kabla ya mguu, na shingo ya gauni isipokatwa vizuri inamkaba kila hatua. Mguu wake mmoja unakanyaga kwa upande wa nje, na kiatu kinataka mkanda. Nilipomaliza nilikuwa na mchoro wa mwanamke anayekwenda mahali: kitenge cha njano na nyeusi, pindo lililopanda kidogo upande wa gongo, magongo yamechorwa wazi bila kufichwa, na viatu viwili vilivyokanyaga chini kwa uzito wao. Haikuwa miguu mizuri sana. Ilikuwa miguu.

"Nitampelekea kaka kesho," nilisema.

"Naupeleka mwenyewe," alisema Manka.

Nyumbani kwa Kaka Aloyce bajaji inaishia lami inapoishia. Kutoka hapo ni njia ya mguu katikati ya migomba, mlima mtupu, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nikamwambia Manka tuwaite vijana wamsaidie. Alinitazama kwa namna ambayo sikurudia. Akauweka mchoro kwenye begi mgongoni, akaanza. Gongo, mguu, gongo, mguu. Mimi nilikuwa nyuma nahema kama ng'ombe. Katikati aliteleza, goti likagusa tope. Nikapeleka mkono. "Bado, Shangazi," akasema, akainuka kwa gongo lake, akaendelea.

Kaka Aloyce alikuwa anapogoa kahawa juu ya njia. Alituona tangu chini. Nilimwona akishusha mkasi, na hakuuinua tena mpaka tulipofika. Mkewe akakimbia na kiti. Manka akamshukuru, hakukaa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Akamkabidhi mchoro. "Hivi ndivyo nitakavyoingia. Sikuja kuomba ruhusa ya kutembea, hiyo Mungu alishanipa. Nimekuja kukuomba uwepo. Baba hayupo. Nikifika pale mezani nisipokukuta na kata mkononi, nitakuwa nimetembea kwenda kwa nani?"

Kaka Aloyce akautazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akalitazama lile goti lenye tope.

"Hakuna nyuzi," alisema.

"Hakuna."

"Utachelewa kufika mezani. Wakwe watakaa wanakutazama tu."

"Wanitazame. Ndio wanaonioa."

Akaukunja mchoro polepole. "Nitapiga simu," alisema, akarudi kwenye kahawa yake.

Hatukungoja. Jioni ile ile tulimpa fundi kitambaa akate, maana Manka alikuwa ameshaamua kwamba ataingia kwa miguu yake hata kama kata itashikwa na hewa.

Sasa, mwanangu unayechora mavazi ya filamu, ya televisheni, ya jukwaani, unisikilize. Usimchore mtu kwa ajili ya nguo. Mchore kwanza mtu, anavyoinuka, anavyopanda, anavyochoka, ndipo umtafutie nguo ya kwenda naye. Kile usichokiweza usikifunike kwa pambo, kwa sababu pambo lako litavaliwa na mtu usiyemjua, siku usiyoijua, na udhaifu wako utakuwa mzigo wake. Kubuni si dhambi. Mama zetu walivaa walichopata, na kila walichokipata kuna mtu aliyekibuni. Buni, ila useme umebuni, useme mapema, kabla watu hawajakimwagilia machozi yao. Na ukiona kazi ya mkono wako inamzuia mtu njia, usikae kitako ukaandika makala. Chukua penseli, upande mlima, na usipoaminiwa mara ya kwanza, chora tena. Mungu akupe jicho linaloona na mkono usioogopa kufuta. Akupe pia mtu wa kukukemea angali ana nguvu. Amina.

Simu ililia siku ya tatu, fundi akiwa anapiga pasi.

"Manka yuko wapi?" aliuliza Kaka Aloyce.

"Yuko shuleni, kaka. Anasahihisha mitihani."

"Nimekwenda ukumbini kuangalia. Kutoka mlangoni mpaka meza ya wakwe ni mbali."

"Ni mbali," nikasema.

"Basi nimewaambia wazee wote wa ukoo. Akiingia, tunasimama. Hakuna kukaa mpaka afike. Mwenye goti bovu ataegemea ukuta." Nyuma yake nikasikia ng'ombe, na mkewe akimwita. "Mbege nitaishika mimi. Mwambie mtoto asiharakishe. Mungu amtangulie, sisi tutamngoja."